Lubugo Katika Pua ya Pikipiki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata nikiwa nalima kibanjani, shambani kwangu kwenye migomba, lazima niegemee jembe nicheke. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa kijana wa Kashai, hapa Bukoba, mwenye pikipiki. Usipapite haraka hapo. Mwenye pikipiki! Nilisoma madarasa mawili tu, na la pili sikulimaliza, lakini niliuza buni yangu nikainunua kwa Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao. Waliosoma walitembea kwa miguu na vitabu vyao kwapani, nami nikawapita nikiwaachia vumbi.

Kuiendesha nilijua. Kuitengeneza nilijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na skrubu iliyobaki niliitia mfukoni.

Sasa nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Izigo, kule Muleba, jina lake Koku. Baba yake, Ta Kabyemera, yaani Mzee Kabyemera, alikuwa mhunzi wa majembe, mzee mkavu wa maneno. Alinitumia ujumbe: njoo na mzee wako siku fulani, kabla jua halijapinda, maana likipinda nitawapokea watu wengine. Hao wengine nilikuwa nawajua. Walikuwa wanamposea dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati, kijana wa viatu vyeupe. Kwa hiyo, mwanangu, nikichelewa, Koku anakwenda kufua viatu vyeupe maisha yake yote.

Siku mbili kabla ya safari, chujio la hewa la pikipiki likachanika. Mhindi wa duka la spea akaniambia ningoje, jipya litakuja na meli. Ningoje nini, na vumbi jekundu la barabara ya Muleba linaingia kwenye injini kama ugoro puani? Nikachukua kipande cha lubugo, ile nguo yetu ya magome ya mti, nikakikunja mara nne, nikaifunga nacho pua ya kabureta, pale inapovutia hewa. Nikakaza kwa kamba ya mgomba. Nikajipongeza.

Nilipoijaribu, ikakohoa na kutoa moshi mweusi. Mtu mwenye akili angejiuliza nini kimebadilika tangu jana. Mimi nikasema, hii ina njaa, inataka petroli zaidi. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti, kile kijipande cha shaba chenye tundu jembamba petroli inapopitia, nikalipanua tundu kwa sindano ya kushonea magunia. Yaani mgonjwa amezibwa pua, nami namshindilia ugali.

Asubuhi ya safari baba yangu mdogo, Kagaruki, aliyekuwa msemaji wetu, akapanda nyuma. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, amekumbatia kibuyu cha pombe ya ndizi, maana kwetu huendi kuposa mikono mitupu. Kwenye tambarare tulikwenda, kwa kukohoa. Tulipofika kilima cha Muhutwe, pikipiki ikalia kama bunduki ikazimika. Baba mdogo akaruka. Nusu ya pombe ikamwagika kifuani pake.

Nikatoa plagi, nyeusi kama chungu. Nikaifuta, nikapiga kiki, tukaenda mwendo wa kutupa jiwe, ikafa tena. Nikafuta, ikafa. Mwishowe nikamwambia, "Baba mdogo, sukuma kidogo." Akasukuma, na bomba likamtemea masizi kwenye kanzu.

Wanawake waliokuwa wakichuma buni kando ya barabara wakaacha kazi.

"Mawe, mama wee! Mbona mnaisukuma, ina mimba?"

"Mpelekeni kwa mkunga huyo!"

"Na huyu mzee mweusi mbele, mweupe nyuma, ni wa kabila gani?"

Baba mdogo akajipangusa masizi. Aliniambia mimi tu, "Tengeneza." Nikamjibu, "Najua tatizo, baba. Ni petroli ya siku hizi." Tukasukuma mpaka Izigo.

Tulifika jua likiwa utosini kabisa. Ta Kabyemera alikuwa kwenye kiwanda chake, mivukuto miwili ikipumua motoni. Akatutazama, akatutolea kahawa ya kutafuna kama desturi, kisha akatuita kwa heshima ya kwetu, "Karibuni, waitu. Niliambiwa mtaletwa na pikipiki. Naona mmeileta nyinyi."

Baba mdogo akakohoa aanze maneno ya posa. Mzee akamzuia kwa mkono. "Ngoja, waitu. Kuna mgonjwa uani." Akaingiza kidole kwenye bomba la pikipiki, kikatoka cheusi, akakinusa. Akaniuliza, "Unajua inaumwa nini?"

"Najua, tata," nikamjibu kwa neno letu la kumwita baba. "Petroli mbovu."

Akarudia polepole, "Unajua inaumwa nini?"

"Najua. Ni plagi."

Baba mdogo akashindwa kuvumilia. "Mwambie hujui, wewe! Nimesukuma tangu Muhutwe. Kurudi sisukumi!"

Nyuma ya mlango nikasikia Koku anacheka. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze pamoja na pikipiki. Kivuli changu kilikuwa kimeanza kuvuka vidole vya miguu. Nikasema, "Sijui, waitu."

"Aa," mzee akasema, "sasa tuzungumze."

Akachukua jani bichi la mgomba akaziba mdomo wa mvukuto mmoja. Makaa upande ule yakaanza kufuka moshi. "Niongeze mkaa?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. Akatoa jani, moto ukawaka safi. Kisha akainama kwenye pikipiki, mtu ambaye hajawahi kuipanda, akaifuata njia ya hewa kwa kidole mpaka kwenye furushi langu.

"Hiki nini?"

"Lubugo, tata."

"Lubugo!" Akageuka kwa baba mdogo. "Sisi tunamzika mtu na lubugo akishakata roho. Huyu kijana wenu amemvika sanda anayepumua!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukatoa lubugo. Nikakiri na habari ya sindano, nikaonyesha jeti. Mzee akaikodolea macho, akaita, "Koku! Lete waya." Koku akatoka, akafumua waya mmoja mwembamba wa shaba kwenye kikuku cha mguuni pake, akaniwekea kiganjani bila kunitazama. Tukaupitisha waya ule kwenye tundu nililolipanua, tukaukunja usitoke, tundu likabaki jembamba. Nikapiga kiki mara moja. Ikanguruma kama imezaliwa leo.

Watu wa dresa wakatokea njiani na viatu vyeupe. Ta Kabyemera akawaambia wapumzike, wanywe maji, lakini maneno yamekwisha, binti ameshaposwa. Kisha akamwambia baba mdogo, "Mngefika mnanguruma ningewakataa. Mtu nimjue akiwa amekwama."

"Na mimi akinibishia?" Koku akauliza kutoka ndani.

"Mkumbushe Muhutwe," baba yake akamjibu. Amenikumbusha mpaka leo, kila wiki.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimefungua gereji, nimewafundisha vijana waliosoma kuliko mimi, na sijaona mashine iliyoua watu wengi kama neno "najua". Ukiona moshi mweusi, kwenye injini au nyumbani kwako, usikimbilie kuongeza mafuta. Tazama kwanza ni wapi ulipoziba hewa, na mara nyingi utakuta fundo ulilolifunga kwa mkono wako. Sema "sijui" ukiwa bado tambarare. Mlimani ni ghali, na wapo wanaokusukuma ambao kanzu zao hazitatakata tena.

Mungu akupe pumzi ya kutosha na chakula cha kiasi. Akupe mkwe mwenye kidole cha kuchunguza, na mke atakayecheka nyuma ya mlango na bado akatoka na waya. Nenda salama, mwanangu, ufike kabla jua halijapinda.