Miaka Mitatu Niliyoiahidi kwa Haraka

Sentensi ile niliinakili kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mimi na rafiki yangu mmoja tulikuwa tumetengeneza programu ndogo ya kutunza hesabu ya dawa za zahanati. Ilikuwa programu huria, yaani yeyote anaichukua bure, anaona ilivyoandikwa ndani, na akitaka anairekebisha. Rafiki yangu akasema mradi usio na masharti ya matoleo na matunzo hauaminiki. Basi nikafungua ukurasa wa mradi mkubwa wa ng'ambo, nikachukua aya yao, nikaitia Kiswahili na kubadilisha jina tu: "Kila toleo litatunzwa kwa miaka mitatu tangu siku lilipotoka." Wenzetu wale walikuwa watu wengi wenye ofisi. Sisi tulikuwa wawili, na kabla mwaka haujaisha mwenzangu akapata kazi Nairobi, akaacha. Nikabaki mimi katika nyumba ya baba, Old Kampala, na ile sentensi nikaisahau kabisa.

Ikanikumbuka yenyewe Jumanne moja asubuhi. Ujumbe ulikuja kwenye ukurasa wa mradi, mahali ambapo watu huandika malalamiko yao, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Programu yenu haituonyeshe sirupu ya homa ya watoto kama muda wake ulishaisha. Nimeona mwenyewe kwa chupa. Tuko Kamwokya. Tunatumika na toleo ya pili."

Kosa lile nililijua. Toleo la pili lilitakiwa kutoa kila wiki orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda, lakini chupa ikiwa imeandikwa mwezi na mwaka bila siku, programu iliiruka kimyakimya. Nilikuwa nimelirekebisha kosa hilo miezi minane nyuma, katika toleo la tatu. Katika toleo la pili sikugusa kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, nami ufa niliuziba kwenye nyumba mpya tu, ile ya zamani nikajiambia haina tena watu. Hilo ndilo balaa la programu huria: wanaochukua hawakuagi, hujui nani analala ndani.

Nikapanda boda hadi Kamwokya. Zahanati ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la spika, muziki unatikisa kioo cha dirisha. Aliyeniandikia alikuwa muuguzi mama wa makamo, Mkongomani wa Kivu, mwenye sauti ya chini. Nilipojitambulisha alinitazama juu hadi chini.

"Dada, ni wewe uliitengeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Nilifikiri ni wazungu."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao mpaka leo unanitia aibu, kwa nini hakuhamia toleo la tatu. Akanionyesha kompyuta waliyopewa na kanisa, ya zamani sana, ambayo toleo la tatu liliishinda. Kisha akaelekeza kidole ukutani. Pale, kando ya kalenda, palikuwa na karatasi imebandikwa kwa plasta ya kidonda. Ilikuwa aya yangu, na chini ya "miaka mitatu" amepiga mstari kwa rula.

"Nilihesabu," akasema. "Bado mwaka moja na nusu. Njo maana sikuhangaika."

Leseni ya programu inasema wazi kwamba haina dhamana yoyote, na njiani nilikuwa nimejiandaa kumweleza hivyo. Mbele ya ule mstari wa rula, nikaomba tu anionyeshe rafu ya dawa.

Tukapekua rafu nzima kwa mikono, yeye anasoma, mimi naandika. Tulikuta chupa tisa za sirupu zilizopita muda kwa miezi miwili. Boksi huja na kumi. Akafungua daftari lake, akashuka na kidole, akasimama. Ya kumi ilikuwa imetolewa wiki tatu nyuma kwa mama mmoja anayeuza samaki Ggaba, mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Tukapiga simu yake. Ilikuwa imezimwa.

Muuguzi alinieleza kwamba dawa kama ile ikipita muda huenda isidhuru kitu, huenda tu isishushe homa. Mimi nilisikia lile la pili tu. Kwa siku tatu nilipiga namba ile kila nilipoamka, kila nilipomaliza kula, hata nikiwa msalani. Niliogopa isipokewe, na niliogopa ipokewe. Katikati ya woga huo nikarekebisha toleo la pili. Ilinichukua asubuhi moja. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba miezi minane yote kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja.

Siku ya tatu simu ikapokewa. Mama yule alikuwa amepoteza laini, ndiyo kwanza ameirudisha. Mtoto alipona, akasema, na ile sirupu aliimwaga kwa sababu mtoto aliitema, akampeleka kwingine. Nilimshukuru mara nyingi mno, hadi akaniuliza kama niko sawa.

Nilipokata simu nilikaa kuandika masharti upya, na nakiri niliandika kama mwoga. Toleo jipya tu ndilo litakalotunzwa. Ya zamani, mtumiaji atajua mwenyewe. Ilikuwa sentensi safi, hakuna ambaye angenishika nayo. Baba yangu alikuwa mezani na chai yake. Ni askari mstaafu, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake ni cha kambini. Nikamsomea.

"Hii ni mtu ya zamu anakimbia posti," akasema, yaani askari anayetoroka lindo lake.

"Baba, niko peke yangu. Nimechoka."

"Kuchoka si makosa. Lakini mtu ya zamu haitoki mpaka mwingine imefika, na huyo mwingine lazima irudie maagizo yote kwa mdomo. Sasa wewe, nani anakuja badala yako?"

"Hakuna."

"Basi andika hakuna. Watu wajue."

Nikamkasirikia nusu saa nzima. Halafu nikafuta, nikaandika nilichoweza kukitimiza: kwamba toleo la pili litatunzwa hadi zahanati ya mwisho tunayoijua itakapohama, kwamba kosa linaloweza kumdhuru mgonjwa litarekebishwa katika matoleo yote kabla ya kazi nyingine, kwamba kila anayetumia anaombwa ajitambulishe, ili tumjue. Chini nikaweka mistari miwili. Anayetunza: jina langu. Atakayepokea zamu: nukta tupu. Nikaziacha nukta zile wazi mbele ya dunia nzima.

Mwezi uliofuata nilirudi Kamwokya kuangalia kama orodha inatoka sawasawa. Ilikuwa inatoka. Karatasi mpya ilikuwa ukutani, plasta ileile. Nikaisogelea. Juu ya zile nukta, kwa kalamu ya buluu na mwandiko wa kadi za kliniki, muuguzi alikuwa ameandika jina lake.

"Mama," nikamwambia polepole, "hapa ni pa mtu anayejua kuandika programu."

"Najua," akasema, akiendelea kupanga sindano. "Mimi sijue kitu. Lakini ukipotea, kuwe mutu wa kukutafuta."

Nilitoka nje nikasimama kando ya zile spika mpaka macho yakakauka. Kwenye mtandao, mstari wa atakayepokea zamu bado uko wazi.