Robo ya Mzunguko

Ukipata mashine ya zamani ya kukereza chuma, usiogope kutu. Watu wengi wakiiona hukata tamaa wakaiuza mashine nzima kwa kilo, kama chuma chakavu. Kutu ni ngozi tu. Imwagie mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli kidogo, ifunike kwa gunia, subiri siku mbili, kisha sugua taratibu. Mara nyingi chini yake utakuta chuma kizima kabisa. Maneno haya nimewaambia wanafunzi wangu wa ufundi hapa Iringa kwa miaka mingi, na bado nayaamini. Ninachotaka kueleza leo ni kitu kingine nilichokitoa pamoja na kutu, kwenye mashine ya kaka yangu kule Mbalizi.

Kwa asiyeijua, mashine ya kukereza hushika kipande cha chuma na kukizungusha, na fundi hukisogezea kisu kwa kuzungusha gurudumu dogo la mkono. Kadiri unavyozungusha gurudumu ndivyo kisu kinavyoingia ndani. Ufundi wote uko hapo, kujua kimeingia kiasi gani.

Ya kaka aliinunua kwenye karakana ya shamba iliyokuwa inafungwa. Aliileta nyumbani kwa tela la trekta, akaijengea banda la mabati nyuma ya jiko. Wifi yangu alisimama mlangoni akiwatazama wanaume sita wakiishusha, akasema, "Wewe na hiyo mashine yako, bora mngeoana mapema, mimi nisingesumbuka kuja."

"Wewe unapika," kaka akamjibu. "Hii haijui."

Kutoka kwenye banda lile zilitoka bushi, pini na shafti za magari ambayo maduka yaliacha kuyauzia vipuri zamani. Pikapu yake mwenyewe, karibu kila kinachozunguka chini yake alikikereza yeye. Hakusomea popote. Mimi mdogo wake ndiye niliyesoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake likizo na vitabu vyangu kumwuliza maswali. Aliniita mwalimu kabla sijawa mwalimu, kwa kunitania, na jina likabaki.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Mwanzoni alidhani ni ukungu wa Mbalizi, ule wa asubuhi, mpaka alipogundua bado upo saa saba mchana. Madaktari walimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Jicho moja halikuwa na la kufanyiwa. La pili wangejaribu kulipasua, hospitalini Mbeya mjini, bila kumwahidi chochote.

Nilikwenda Mbalizi nilipopata habari. Tulikaa bandani, yeye kwenye dumu lililopinduliwa, mimi kwenye kigoda cha wifi. Hakuzungumzia kuona. Alisema, "Mwalimu, mimi nikikosa macho nitazoea. Nikikosa kazi ya mkono wangu, sijui nitakuwa nani humu ndani."

Nikamwambia kuna mafundi wasioona wanaofanya kazi. Nikamwambia mashine yake imechoka, na nikiifufua itamrahisishia. Nilisema kwa moyo wote. Ndivyo nilivyo, siwezi kumwona mtu amekaa chini nisimwambie inuka.

"Kutu itoe," akasema. "Mengine tutafanya nikirudi."

Walikwenda mjini yeye na wifi, alazwe na mkewe amwangalie. Mimi nikabaki na nyumba, kuku, na likizo ya wiki tatu. Kutu niliitoa kwa siku nne. Siku ya tano ningeweza kupumzika.

Badala yake nikatazama gurudumu la mkono. Lina pete yenye mistari midogo ya vipimo, na kwenye ukingo wa pete ile niliona mikwaruzo, mmoja hapa, miwili pale, mitatu imekaribiana, kama vile mtu aligongagonga kwa tupa akiwa na hasira. Nilisikitika. Nikaichukua tupa laini, kisha msasa, nikaulainisha ukingo wote mpaka ukang'aa kama sufuria ya harusi.

Halafu nikagundua plei. Plei ni neno la gereji, maana yake ni mchezo, pale kitu kinapocheza bila kufanya kazi. Nati ya shaba iliyo chini ya kisu ilikuwa imelika. Uligeuza gurudumu robo nzima ya mzunguko kabla kisu hakijaanza kusogea. Robo nzima! Ningemkuta mwanafunzi na mashine ya namna hiyo ningemkatalia kazi. Nati ile ina skrubu ya kuibana, nayo ilikuwa imeganda kwa uchafu wa miaka. Niliilowesha, nikaigonga, nikaibembeleza siku mbili ikaachia. Nikaibana. Gurudumu likawa likiguswa tu, kisu kinaitika. Nakumbuka nilicheka peke yangu mle bandani kwa furaha. Nilimwona tayari akiligusa na kushangaa.

Walirudi siku ya Jumamosi, jicho lina bandeji. Upasuaji ulifanyika vizuri, walisema, lakini kuona hakukurudi. Wifi aliniambia hayo jikoni, akikata mboga kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Kaka hakutaka chai. Aliweka mkono begani kwangu akasema, "Nipeleke."

Aliipapasa mashine yote kuanzia kichwani. "Ah. Umeiosha kweli. Kama mtoto wa Krismasi." Mkono wake ukafika kwenye gurudumu. Kidole gumba kikazunguka ukingo wa pete mara moja, kikasimama. Kikazunguka tena, polepole.

"Alama zangu ziko wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Mwaka mzima uliopita, alipokuwa bado anaona kidogo, alikuwa akijiandaa bila kumwambia mtu. Kila kipimo alichokijua alikikwaruza kwa tupa kwenye ukingo wa pete, ili kidole kije kisome pale jicho litakaposhindwa. Hakumwambia mkewe, kwa kuwa angelifunga banda. Hakuniambia mimi, kwa kuwa ningemwambia wifi.

"Niliziondoa," nikasema. "Nilidhani ni uharibifu."

 Nikasikia wifi amesimama nyuma yetu mlangoni. Kisha kaka akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Mwalimu. Mtu anamtuma ndugu yake aoshe sahani, anaosha na maandishi."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Lete tupa, tuweke nyingine. Wewe soma mistari, mimi nikwaruze."

Tulifanya hivyo Jumatatu. Nilimsomea kipimo, akaweka tupa, akakwaruza, akagusa. Alisema zimekaa vizuri zaidi kuliko za kwanza. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe, sababu sipati pa kujificha. Sikumwambia kuhusu nati. Nilikuwa nimepanga kujisifu kwayo, lakini baada ya zile alama niliona aibu kuanza kuorodhesha mambo mengine niliyoyafanya bila kumwuliza. Nikajiambia hiyo ni nzuri tu, ataifurahia mwenyewe.

Alitaka kuanza na bushi ya springi ya pikapu yake. Bushi ni pete nene ya shaba inayokaa pale springi inaposhikana na gari, ili chuma kisile chuma. Alishakereza mamia. Wifi alileta kigoda akaketi mlangoni, mikono mapajani, na sikumbuki kama aliwahi kukaa mle ndani kabla ya siku ile.

Kaka aliwasha mota. Akakigusisha kisu kwenye shaba, akakirudisha nyuma, kisha akazungusha gurudumu, kidole kikihesabu alama. Kisu kikaingia. Mashine ikanguruma kwa sauti nzito.

"Inakula sana," akasema.

"Kisu ni kikali, kaka, nimekinoa upya. Endelea, unakwenda vizuri."

Akaendelea. Alipomaliza akazima, akachukua bushi ya zamani aliyoiweka kuwa mfano, akazishika mbili, moja kila mkono. Uso wake ukabadilika kabla sijapima. Ile mpya ilikuwa nyembamba. Ilicheza ndani ya tundu lake kama kidole ndani ya pete ya mtu mwingine.

"Ya kwanza hiyo," nikamwambia. "Mkono ulikaa muda mrefu bila kazi. Jaribu tena, taratibu."

Ya pili ikawa nyembamba. Nikamtia moyo. Ya tatu aliifanya kwa utulivu mkubwa, midomo ikihesabu bila sauti, na nikaomba Mungu nikiwa nimesimama pale. Ikawa nyembamba.

Aliziweka zote tatu kwenye kiganja, akazigeuzageuza.

"Nilidhani macho yatakwenda peke yake," akasema. "Kumbe yamechukua na mkono."

"Baba fulani," wifi akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, jina nisiloliandika hapa, "njoo ule."

"Nakuja." Akanipa zile bushi. "Ichukue mashine, mwalimu. Ikae kwa mtu anayeijua."

Nilibisha wiki nzima. Nilimwambia yote ambayo mwalimu humwambia anayeanza. Hakuingia tena bandani. Mwisho wa likizo lori lililokuwa likirudi tupu lilinipakilia mashine mpaka Iringa, na alikuja kusimama kwenye geti, akiegemea nguzo, mpaka sauti ya lori ilipoishia.

Nimeiweka uani kwangu, chini ya paa nililolijenga kwa kufuata banda lake. Haikosi kazi. Wenye pikapu za nyanya wanatoka Ilula na bushi zilizolika kwa mzigo, wanaziweka juu ya meza, nami nawakerezea mpya huku wakinywa chai. Wananisifu.

Zile bushi tatu nilizitia kwenye kopo la skrubu. Zaidi ya mwaka ulipita. Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, nikitafuta skrubu, nilizimwaga mezani, na kwa mazoea tu nikazipima.

Zilikuwa sawa. Zote tatu zilikuwa nyembamba kwa kiasi kilekile, bila tofauti hata ya unywele. Mkono uliopoteza ufundi haukosei hivyo. Hukosea huku na kule, leo nene, kesho nyembamba. Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu, ingawa mwili ulishajua. Kosa lilikuwa robo ya mzunguko wa gurudumu.

Kwa miaka yote ile kaka alizungusha robo ya kwanza bure, kumaliza plei, ndipo aanze kuhesabu. Hakuwa akiifikiria, kama usivyofikiria kizingiti cha nyumba yako. Nami nilikuwa nimekiondoa kizingiti usiku wa macho yake, nikasimama pembeni nikimwambia unakwenda vizuri. Bushi tatu zenye kosa moja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniuliza kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumtia moyo.

Nilichukua bisibisi, nikailegeza ile skrubu ya nati mpaka robo ikarudi. Ndipo nikapiga simu. Wifi alipokea, akampa.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, mwalimu. Mvua zipo huko?"

Nilimweleza yote, kuanzia nati mpaka zile bushi. Nilimwambia mkono wake haukukosea hata mara moja, mashine ndiyo niliyoibadilisha, nikamficha kwa aibu. Nikamwambia nimeirudisha kama ilivyokuwa, nitaileta, tuanze upya.

 Kwenye simu nilisikia kuku, na redio ya mtu.

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa nimepatia," akasema.

"Zote tatu, kaka."

"Mm." Akavuta pumzi. "Nilimwambia mama yao kwamba nimekwisha. Nikauza vyombo vyangu. Visu, kalipa ya kupimia, vyote. Na mkono sasa, mwalimu... sasa ni kweli. Nikishika kikombe tu, unatetemeka. Mwaka ni mrefu."

Niliegemea mashine, nikalia. 

"Unalia nini?" akauliza. "Uko karibu na mashine?"

"Niko hapa."

"Umeilegeza, si ndiyo? Utawaharibia watu wa nyanya bushi zao. Kaza."

"Kaka, niiache tu."

"Niwekee simu hapo juu, nisikie. Kaza."

Nikaweka simu juu ya mashine, karibu na gurudumu. Nikaingiza bisibisi.

"Inacheza?"

"Inacheza."

"Kaza tena. Usiivunje. Sasa?"

"Kidogo."

"Tena."

Nikakaza. Niligusa gurudumu, na kisu kikaitika.

"Sasa?"

"Haichezi tena, kaka."

"Haya," akasema. "Fanya kazi."