Kamera ya Kwenye Ukungu, Mteremko wa Kalinzi

Usidhani nakuuzia maneno. Gari nililiendesha mimi, mtoto ni wangu wa kumzaa, na kaburi lililotokana na siku ile lipo Kalinzi mpaka leo. Ukitaka nitakupeleka.

Miaka ile Warundi walikuwa wanavuka mpaka pale Manyovu kila siku, na mabasi ya kuwapeleka kambini yalijaa barabarani. Mimi nilikuwa naendesha mchomoko, kigari kidogo cha abiria, kati ya Kigoma mjini na Manyovu. Magari yakizidi, trafiki nao huzidi. Ndiyo maana sisi madereva tulizijua kamera zao kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake.

Tochi ya mkononi, ile ya kupima mwendo, unaijua kwa kiwiko. Yenyewe inafanana na kikausha nywele cha saluni, lakini kabla hujaiona utamwona askari ameinua kiwiko usawa wa bega, na hakuna mtu mwingine anayesimama vile kando ya barabara. Ya miguu mitatu inafichwa kwenye nyasi. Wageni hudhani ni watu wa kupima viwanja. Kuna inayokaa ndani ya gari lililoegeshwa, jicho jeusi nyuma ya kioo cha mbele. Ile ya duara huko mijini, kama bakuli jeusi lililogeuzwa juu ya nguzo, hiyo inatazama watu tu, haina habari na mwendo wako. Zote nilizitambua kabla hazijanitambua. Na jambo moja zaidi nililijua, niamini: tochi haisomi kwenye ukungu. Ukungu ukishuka, trafiki hufunga vitu vyake akaenda kunywa chai.

Sasa sikiliza.

Binti yangu Rehema, wakati huo hajaanza hata shule, alikuwa Kalinzi kwa bibi yake, mama mzazi wa mke wangu. Mchana simu ikaja: mtoto ana homa, ameshikwa na degedege. Nilipofika zahanati muuguzi hakuzungusha maneno. "Baba, damu imepungua mno. Mkimbize hospitali ya mkoa sasa hivi." Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mpakani kupokea wakimbizi. Nikamchukua mwenyewe. Mama mkwe akakaa kiti cha nyuma, amempakata mjukuu wake, viganja vya mtoto vyeupe kama unga wa muhogo.

Niliendeshaje? Usiniulize. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, taa zangu haziendi mbali, na mimi nakanyaga mafuta tu. Kila kona nauliza, "Mama, anapumua?"

"Anapumua. Endesha."

Kona nyingine. "Mama?"

"Endesha, mwanangu."

Ndipo nikaona kiwiko.

Askari amesimama katikati ya mteremko, sare nyeupe, ameinua kitu usawa wa jicho. Akanyoosha mkono. Kwa nini nilisimama? Mazoea, ndugu yangu. Mguu ulikanyaga breki kabla akili haijaniuliza tochi ya nini kwenye ukungu kama ule. Alipofika dirishani nikaitazama ile kamera. Sikuitambua. Haikuwa na kitufe wala kishikio, kioo chake kipana kama kiganja. Kila kitu pale kilikuwa kinadondosha maji, majani, nyaya za umeme, paa la gari langu. Yeye na kamera yake walikuwa wakavu. Viatu vyake havikuwa na hata chembe ya tope.

"Dereva, mko wangapi ndani?"

Hakuniuliza mwendo. Nani aliwahi kuulizwa hivyo?

"Watatu, afande. Mtoto wangu anakufa, nakuomba uniache nipite."

"Kamera inaonyesha wawili."

Akanigeuzia kile kioo. Nikaliona gari langu, nikajiona kwenye usukani, nikamwona mama mkwe kiti cha nyuma, mikono ameikunja kama mtu aliyepakata. Katikati ya ile mikono hapakuwa na kitu.

Nikageuka nyuma kama mwendawazimu. Rehema yupo, kifua kinapanda kwa shida. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye lami. "Afande, niondoe mimi kwenye picha hiyo, umrudishe yeye. Nakusihi." Alinitazama bila hasira na bila huruma, kama mtu anayengoja gari lingine.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe alikuja, akaitazama picha kwa muda, kisha akazungumza na yule mtu kwa Kiha. Mimi mtu wa Ujiji, Kiha changu ni cha kuokoteza sokoni. Nilishika neno moja tu, *umwana*, mtoto. Askari akaitikia kwa kichwa.

"Rudisha gari nyuma," mama akaniambia. "Tupite tena."

"Mama, muda hatuna!"

"Muda ninao mimi. Rudisha."

Akamlaza Rehema kiti cha mbele kando yangu, akamfunga kwa kitenge chake. Nikarudi nyuma, nikapita tena polepole. Kwenye kioo cha ndani nilimwona mama anarekebisha kitambaa cha kichwani, anakaa wima, kama watu wanavyokaa mbele ya mpiga picha wa studio. Askari akainua kamera. Safari hii hakutusimamisha. Alitupungia twende.

Hospitali walimwekea Rehema damu, na jua halijazama akafumbua macho, akaomba uji. Nikatoka mbio kumwambia bibi yake. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, ameegemea bega la mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa anamuuguza mumewe.

"Amelala?" nikauliza.

Yule mama akanishika mkono. "Pole, baba. Ametuacha sasa hivi." Kirundi na Kiha ni ndugu, walikuwa wameongea wakaelewana. "Alikuwa ananieleza kwamba mmepigwa picha njiani. Akasema safari hii mtoto ametokea vizuri."

Nilikwenda kwa trafiki kuuliza. Wakasema siku ile hakuna askari aliyepangwa mteremko ule, ukungu ulikuwa mzito. Mke wangu nilimweleza yote. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, "Alivaa kitambaa kipi?"

Rehema sasa amempita mama yake urefu. Mimi bado ni dereva, sina kazi nyingine. Tochi za kweli zinanikamata kama mtu yeyote, na askari akitaka kunionyesha picha ili nisibishe, nafumba macho. "Andika, afande. Sitaki kuona." Wenzangu wananicheka.

Nawe unayepanda Manyovu, nakuomba. Ukiona kiwiko kimeinuliwa ndani ya ukungu, na kamera ya namna usiyoijua, usiangalie picha yake, hasa ukiwa na mgonjwa garini. Maana ukishaiona, atakuwepo mtu humo ndani anayekupenda ambaye atataka ipigwe upya, na hutakuwa na nguvu ya kumzuia.