Kanda za Roki Kinole

Dada yangu alikuwa ameshakoka moto nilipofika Kinole. Haukuwa moto wa kupikia. Aliukoka uani, mbali na jiko, na kando yake aliweka kikapu chenye kanda za mwanawe.

"Afadhali umefika, kaka," alisema. "Nisingeweza kuzichoma kabla hujasema neno."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yake. Kwa hiyo nilipanda mlima siku ile, mimi mwalimu wa madrasa kutoka mjini Morogoro, tochi mfukoni, kwenda kuhukumu muziki ambao sikuwahi kuusikia.

Mpwa wangu alikuwa amerudi nyumbani baada ya kiwanda cha nguo kupunguza watu. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mitumba ilijaa kila gulio, na vitambaa vyetu wenyewe vikakosa mnunuzi. Alirudi na redio kaseti pamoja na kanda za roki alizoachiwa na fundi wa mitambo, mgeni aliyekwenda zake kwao. Tangu hapo hakuwa msemaji. Alilima mananasi kimya, na jioni akajifungia na kanda zake. Mama yake alipotishia kuzichoma, alijibu kwamba siku hiyo atashuka mlima na hatarudi. Dada alinieleza hilo akiwa amegeuza uso. Hakuwa na mtoto mwingine.

"Kuna jini humo," alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Sauti nzito, inajikokota kama mtu anayezama kwenye tope. Na hizo picha! Mafuvu matupu!"

Kijana alitoka ndani, akaniamkia. Nilipoitikia, akamgeukia mama yake.

"Fuvu hilohilo lipo kwenye fulana ya muadhini, mama. Anaivaa ndani ya kanzu."

"Ile ya mtumba! Mwenzio hakuchagua!"

Nilijikohoza ili nisicheke. Kisha nikawaambia kwamba sijawahi kumpitisha wala kumrudisha mwanafunzi kabla sijamsikia hadi mwisho wa sura yake, na kanda nazo nitazisikiliza hivyo hivyo.

Mpwa wangu akazishusha betri zake kutoka kwenye bati, alikozianika juani zipate nguvu, kama tulivyofanya wengi siku zile. Akazitia ndani, akabonyeza. Jini likatoka, zito, likijikokota.

"Umesikia? Umesikia?" dada alisema, na mkono wake ulikuwa tayari kikapuni.

Nilisikia, na nililijua. Msomaji wa Kurani kwenye kanda yangu ya nyumbani naye hunguruma hivyo betri zikichoka. Nikazitoa za tochi yangu nikampa. Sauti ikainuka, ikawa ya kijana, nyembamba na safi, inayolalamika bila kukufuru. Dada akautoa mkono.

Wimbo ule ulikuwa mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Ulianza na gitaa moja, kama mtu anayepapasa njia. Ngoma zikaingia, na kila nilipouzoea mwendo wake, ukabadilika. Nilikumbuka maulidi, dufu zinapoanza chinichini, na safu za wasomaji zinavyoinama na kuinuka bila haraka, mpaka kifua kinajaa. Mwishoni lile gitaa la mwanzo lilirudi, na sasa lilikuwa na uzito wa yote tuliyopitia. Nilimshukuru Mungu moyoni kwa kunipa subira ya kufika pale.

"Weka nyingine," dada alisema. "Ile nyeusi."

Aliyoiita nyeusi, kijana aliiita metali, yaani roki nzito kuliko zote. Mwimbaji wake aliunguruma kweli.

"Haya, kaka! Na hizo si betri mpya?"

Nikamuuliza mpwa wangu mtu huyu anasema nini. Alisikiliza, ameinamisha kichwa.

"Anasema alisimama kwenye mashine tangu ujana wake. Wakaja watu, wakazipima mashine kwa kilo wakazichukua. Yeye hakuna aliyempima." Akasogeza sikio karibu na redio. "Anasema amerudi kwao, na mama yake anamwona mzima."

Dada aliuliza polepole, "Sasa mbona anaunguruma?"

"Akisema taratibu, wanamwambia Mungu atajalia, halafu wanakwenda zao."

Kiingereza sikijui. Mpaka leo sijui kama alitafsiri au alisema yake. Mimi naamini kwamba Mungu atajalia, lakini pale sikulitamka. Nilingoja mpaka upande ule wa kanda ukaisha wenyewe.

"Hazichomwi," nikasema.

Dada alikikung'uta kikapu majivu, akakiingiza ndani mwenyewe. Aliporudi alikuwa na mihogo. "Moto nao usipotee bure," alisema, akaipanga kwenye makaa, mkubwa zaidi upande wa mwanawe.

Adhana ya isha ilipotoka, nilinyanyuka nikakumbuka kwamba tochi yangu ni tupu. Kabla sijasema kitu, mpwa wangu alichomoa kijinga cha moto pale uani, akatangulia mbele yangu kwenye kijia cha migombani. Msikitini hakuingia, nami sikumsukuma. Nilipotoka nilimkuta palepale mlangoni, amechuchumaa, anakipuliza kijinga kisizimike.