Landrova ya Gidabuday

Gidabuday alikuwa mfugaji wa Kibarabaigi upande wa Balangdalalu, na kwa miaka mingi hakuna mwingine pale aliyekuwa na gari. Aliinunua Landrova hiyo kuukuu baada ya mtoto wa jirani kufia njiani akibebwa kwenda hospitali. Aliuza madume wake wazuri, na ndugu zake wakamcheka. Lakini tangu hapo, mama akishikwa na uchungu mgumu au mtu akiumwa na nyoka, wote walikimbilia bomani kwake.

Mwenyewe hakujua kuendesha. Aliyeendesha ni Joakimu, Mwiraqw wa Masieda kule Mbulu, fundi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali. Kambi ya wafanyakazi haikuwa mbali, na Joakimu akiitwa alikuja. Alikuwa mdogo kwa umri, akimwita Gidabuday kaka. Ng'ombe wake walilelewa katika zizi la Gidabuday pamoja na wa mwenye boma, na siku za sikukuu walikunywa pombe ya asali kwenye kibuyu kimoja.

Kiangazi kimoja Landrova ikaanza kuchemsha. Ikifika mlimani inatoa mvuke, mgonjwa yuko ndani, watu wanasubiri ipoe. Joakimu akafungua boneti, akachunguza, akafuta mikono kwenye majani.

"Kaka, silinda hedi imepasuka, na bloku ya injini nayo imepasuka. Hii imekwisha."

"Haitengenezeki?"

"Spea utaipata wapi siku hizi? Hata shambani trekta zimelala. Iuze kama chuma. Shemeji yangu wa Mbulu ataichukua. Shamba likiuza magari yake ya zamani, nitakutafutia zima."

Scolastica, mke wa Gidabuday, hakuridhika. Alisubiri mgeni aondoke.

"Baba, kuna fundi Basili pale Katesh. Si aiangalie na yeye kwanza?"

"Nimpelekee Basili, ili Joakimu ajue simwamini? Mtu aliyewabeba watoto wetu kwenda hospitali?"

Basi Landrova ikavutwa na trekta kuelekea Mbulu. Watoto waliifuata mbio hadi korongoni. Gidabuday alisimama langoni, akijiambia kwamba ng'ombe akizeeka naye huondoka.

Mvua zikaja. Kila walipoonana alimwuliza Joakimu habari ya gari jipya, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Bado, kaka. Wakubwa hawajaamua." Msimu huo mwanamke wa boma la jirani alifariki na mimba yake kabla machela haijafika barabarani. Gidabuday alikwenda msibani, akakaa nyuma ya watu, akaona haya kana kwamba kosa ni lake.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja alikuwa malishoni akasikia injini. Aliitambua kabla hajaiona. Landrova yake ilipanda taratibu, imepakwa rangi ya kijani, haitoi mvuke wowote. Nyuma ilibeba vigingi na wapima ardhi. Usukani ulikuwa mikononi mwa Joakimu.

Joakimu akashuka. "Shikamoo, kaka."

Gidabuday hakuitikia.

"Nani mwenye hii gari?"

"Ni yangu," Joakimu akasema, macho chini. "Shamba limeikodi."

"Na bloku iliyopasuka?"

"Ilikuwa gasketi tu, kaka. Basili aliibadilisha."

"Na vigingi hivi?"

"Shamba linapanuliwa mpaka kule kilimani. Msimu ujao watalima. Nilijua tangu kiangazi. Nikaona mtahama tu, na gari utaifanyia nini huko? Hata bila mimi, wangekuja na gari nyingine."

"Hao siwalaumu. Wao hawakunywa kwangu," Gidabuday alisema. "Ulijua tangu kiangazi, ukakaa kwenye moto wangu, ukanyamaza. Ungesema, tungepanda Landrova wazee wote tukaenda Arusha kulalamika wakati bado kuna njia. Ulichukua gari, na sauti yetu ukaichukua."

Joakimu alijaribu kumshika mkono. Gidabuday aliurudisha chini ya shuka lake.

Kesho yake aliwaswaga ng'ombe wote wa Joakimu, pamoja na ndama waliozaliwa kwake, akawaacha mbele ya kambi bila kuongea na mtu. Watu walimwambia abaki nao, ni haki yake. Alikataa. Alisema hataki maziwa yao yanukie nyumbani kwake.

Kabla ya msimu wa kulima walihamia karibu na ziwa la chumvi, ambako nyasi ni chache na maji ni ya mbali. Scolastica hakumkumbusha hata siku moja lile neno la fundi Basili. Hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angelisema.

Miaka ilipita. Vijana wa huko wakachanga mifugo ili wanunue pikapu ya kubebea wagonjwa. Gidabuday alitoa dume bila kuombwa mara mbili. Wakamwomba, kama mkubwa wao, awachagulie dereva.

"Chagueni wenyewe," alisema. "Ng'ombe nawajua. Kuchagua mtu sijui."

Walidhani anatania, wakasubiri ataje jina. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kunywesha mifugo.