Makombo ya Barazani

Enzi za Mwingereza, kwetu Tabora mjini, mume alikula barazani na wanaume wenzake, na mke alikula ndani kile kilichorudi. Makombo ya mume yana baraka, ndivyo nilivyofundwa. Basi wangu, mnunuzi wa nta na asali, alinirudishia baraka zake zote! Alikuwa mtafunaji wa tumbaku, na akishiba alisukutua kinywa akatema ndani ya bakuli la mchuzi uliobaki. Si kwa bahati mbaya, ni kila siku. Ptuu! Halafu anaita, "Njoo uondoe vyombo!" Mpaka leo nauona ule ute wa rangi ya kutu ukielea juu ya mafuta.

Nilikuwa nikiumwaga mchuzi kwa siri nyuma ya choo, nakula ugali mkavu.

Alasiri wake wa mtaani walikuja uani kwangu kubangua karanga, na hapo waume walisemwa hasa.

"Wangu anakatia kucha za miguu kitandani, mimi nalalia," alisema mke wa mchinja nyama.

"Afadhali kucha, shoga! Wangu anapengea kamasi kanga yangu ya kutokea."

Tulicheka mpaka machozi. Nami ulimi ukaniponyoka, nikasimulia habari ya bakuli. Wallahi nilisahau kabisa kuwa wifi yangu, dada yake mume, yumo humo humo anabangua.

Jioni mume wangu hata sauti hakupandisha. "Nasikia unanionea kinyaa. Mlango ule pale, nenda kwenu. Mwanangu anabaki."

Binti yetu alikuwa ameshang'oka meno ya mbele. Kwa desturi yetu mtoto wa umri huo ni wa baba, na wa kumlea angekuwa wifi yule yule. Nikampigia magoti, akasema nitabaki nikila makombo yake. Nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Kesho yake bakuli liliporudi, wifi alikaa mlangoni ashuhudie. Nikala. Nilimeza bila kutafuna, binti yangu yuko mkekani ananitazama. Nikala siku ile na siku zilizofuata. Wenzangu wakanisifu, eti nimeokoa nyumba yangu. "Ndiyo ndoa hiyo, shoga. Angalau mtoto unaye." Mh! Walinitia kichefuchefu kuliko bakuli lenyewe.

Mtoto ninaye, nilijiambia kila nikinawa mikono.

Baada ya mavuno nilimkuta binti yangu nyuma ya nyumba akicheza mchezo wa baba na mama na mtoto wa jirani. Alikuwa amepika ugali wa matope kwenye kigae. "Baba" alikuwa ameshamaliza kula, anataka kuondoka akacheze. Binti yangu akamshika mkono, akamsogezea kigae mdomoni.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Tema, ndiyo na mimi nile."