Nyumba ya Magunia ya Mama Pindo

Kwanza tuelewane: Mama Pindo hakuwa na kichaa. Nasema mapema kwa sababu mtaa mzima ulishasema kwamba anacho, tena kwa sauti, siku alipoanza kukusanya magunia matupu ya plastiki, yale ya unga na mchele, na kutangaza kwamba anajenga nyumba. "Ya magunia?" wakamuuliza. "Ya magunia," akajibu, pini zikiwa bado mdomoni.

Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja. Ungempelekea suruali iliyochanika mpaka unaona haya kuitoa kwenye mfuko, nayo ingerudi imenyooka, pindo lake hata aliyeinunua asijue limeguswa. Kazi ya kulipua ilimkera. Nguo ikija na uchafu, aliifua kwanza, akaianika, ndipo sindano iiguse. Lishike hilo la kufua, maana litatutia matatani hivi punde.

Aliishi na mama yake kwenye chumba cha kupanga, bati tupu juu, dari hakuna. Ikifika saa sita mchana bati lilianza kulia ka, ka, ka, na waliomo ndani wakaiva. Msimu wa joto uliopita mama alianguka mara mbili, na mara ya pili alizindukia zahanati. Daktari hakuzunguka: moyo wa mzee huyu hautastahimili joto jingine chini ya bati kama lile. Hapo ndipo kaka yake Mama Pindo, mwenye duka mji wa mbali, mwendo wa siku nzima, alipopiga simu.

"Dada, sitaki tugombane," alisema. "Joto likianza kama hujapata pa kumweka mama, nakuja na gari, namchukua."

Mama Pindo alijua maana yake. Mama akienda huko, atamwona mara moja kwa mwaka, tena akibahatika. Miaka ishirini na miwili wawili hao walikuwa wameishi pamoja, wanagombana kila asubuhi kwamba chai ina majani mengi au haina, na hakuna hata mmoja aliyeweza kula kabla mwenzake hajakaa. Alilia, akanawa uso, akaenda kumtafuta mwashi.

Mwashi huyo walimwita Timazi, kwa kuwa uzi wake wa kupimia ukuta haukumtoka shingoni hata akienda kununua sabuni. Aliwahi kujenga ghala kwa magunia ya udongo, akaona lilivyokaa na ubaridi. "Kiwanja alichokuachia marehemu baba yako kina udongo mzuri," alimwambia. "Tunaulowesha kidogo, tunaujaza kwenye magunia, tunayalaza kama tofali na kuyashindilia. Kati ya safu na safu tunapitisha seng'enge yasiteleze. Ukuta unakuwa mnene, jua linachoka kabla halijafika ndani."

Mama mtu aliposikia, alicheka kicheko kibaya. "Nilizaliwa kwenye udongo, nikahangaika mpaka nikatoka kwenye udongo. Leo unanirudisha, tena ndani ya gunia, kama viazi! Humo mimi siingii."

"Utaingia, mama."

"Thubutu!"

Kazi ikaanza. Safu ya kwanza ikalala, ya pili, ya tatu. Timazi anapima, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anapima tena. Walipofika safu ya tano, akapiga kishindilio, gunia likafanya praa! Akapiga la pili, praa! Akashika la tatu, lisilojazwa, akalivuta kwa vidole viwili tu, likachanika kama karatasi.

"Mama Pindo," alisema taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayejizuia. "Magunia haya umeyafanya nini?"

"Nimeyafua."

"Umeyafua!"

"Kwani wewe ungeshona nguo chafu? Nimeyafua yote, nikayaanika kwenye uzio yakae vizuri."

"Yamekaa juani muda gani?"

"Wiki saba."

Timazi aliketi juu ya rundo la udongo, akajishika kichwa. Jamani! Wiki saba! Jua linaila plastiki, kila mwashi wa magunia anajua, lakini nani angewaza kumwonya mtu asifue magunia? Ni fundi cherehani peke yake duniani angefanya usafi wa namna ile. Mama Pindo alisimama palepale. Magunia mia tatu, yote yameoza kwa usafi wake mwenyewe, na joto limebakiza miezi miwili tu. Aliona kabisa gari la kaka yake likiondoka na mama ndani.

Siku sita Timazi hakuonekana, na mtaa ukasema amekimbia. Siku ya saba akaja na msumari mmoja na nyundo. Akaenda kwenye safu ya chini kabisa, ambako gunia nalo lilikuwa limeanza kupasuka, akabandua plastiki, akaugonga msumari kwenye udongo. Msumari ukapinda.

"Njoo uone," alimwita. "Gunia ni la kuushika udongo mpaka ukauke. Ukishakauka, hauna habari nalo. Kuta zako nzima. Tunachotaka ni magunia mengine, na hayo usiyaguse kwa sabuni yako, nakuomba."

Basi Mama Pindo akabandika kipande cha boksi mlangoni kwake: LETA GUNIA AMBALO HALIKUKAA JUANI, NIKUTENGENEZEE PINDO BURE. Watu wakacheka, kisha wakaenda kuchungulia mvunguni mwa vitanda na nyuma ya makabati. Yakaja yamekunjwa, yamejaa vumbi na buibui. Na nani aliyekaa mlangoni kuyapokea? Yule yule aliyesema haingii. Analikwaruza gunia kwa ukucha, likitoa unga unga analirusha. "Hili limeota jua, mwanangu, usinidanganye. Rudi nyumbani." Timazi alisema hajawahi kuwa na mkaguzi mkali kama huyo.

Kuta zikapanda. Madirisha mawili yakawekwa yakitazamana, na juu yake matundu ya kutolea hewa moto. Paa likatokeza nje kwa upana ili kuta zipate kivuli. Kwenye dari Mama Pindo akashindilia mabaki ya vitambaa ya miaka ishirini, yaliyochanganywa na chokaa wadudu wasipate makazi. Nje wakapiga plasta ya udongo upesi, jua lisije likawafanyia tena mambo yake. Ila wiki zilizopotea hazikurudi. Joto lilipoanza, ndani hakuna plasta, mlangoni hakuna mlango, na kaka mtu kafika na gari.

Alifika saa saba mchana, akawakuta wote kiwanjani. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo nje, anawasimamia, na aliponyanyuka kumkumbatia mwanawe akayumba.

"Unaona, dada?" kaka alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amemshika mama asianguke. "Unaona?"

"Mwingizeni ndani kwanza," Timazi akasema. "Mtabishana baadaye."

"Naingia kwa sababu ya jua tu," mama akanong'ona. "Msinihesabie."

Wakamtandikia mkeka, wakampa maji. Mama Pindo akatoka, akasimama nyuma ya nyumba, hakuweza kutazama mtu akifungasha. Akasubiri kumsikia mama akilalamika. Kimya. Dakika kumi, kimya. Mama yake, kimya? Akakimbia ndani.

Mama alikuwa anakoroma. Mchana kweupe, msimu wa joto, miguu kaikunja na upande wa kitenge kajifunika mpaka mabegani.

Kaka aliinama amwamshe, safari ni ndefu. Mkono ukamgusa ukutani. Akauacha hapo. Akafuta jasho shingoni, akangoja jingine litoke, halikutoka. Akavua viatu, akaketi sakafuni.

Mama aliamka saa kumi. Aliwatazama mmoja mmoja, akamwangalia mwanawe.

"Baba, gari lako lina nafasi nyuma?"

"Lina nafasi, mama. Nimekutandikia na godoro kabisa."

"Hilo godoro lilete humu." Akajinyoosha. "Halafu nenda kaniletee mlango. Nitalalaje nyumba haina mlango, mimi mbuzi?"

Mama Pindo alicheka, akalia, vyote kwa pamoja, uso kaufunika kwa mikono yenye tope.

"Wewe acha kulia," mama akasema. "Timazi, mpe kaka yake vipimo, asije akaniletea mlango mfupi."